Shaba na Ngozi Yetu: Krimu ya Buluu, Mrututu, na Namna Kidonda Kinavyopona

Somo la leo linahusu shaba. Najua wengine watashangaa, kwa sababu shaba tunaijua kama kitu cha mgodini, cha Kolwezi na Lubumbashi, au kama waya wa umeme. Wazee waliotoka Katanga wamesimuliwa habari za misalaba ya shaba iliyotumika zamani kama fedha. Lakini katika ziara zetu za nyumba kwa nyumba, upande huu wa Kigwena, swali moja limeulizwa mara nyingi: je, ni kweli kwamba shaba inarudisha ngozi ya ujana na kuponya vidonda?

Swali hili lina chanzo chake. Kuna krimu na maji ya buluu katika chupa ndogo, vinaitwa peptidi ya shaba. Watu wameviona kwenye simu, na wenye ndugu Ulaya, Marekani au Australia wametumiwa picha, mara nyingine chupa yenyewe. Bei yake si ya mtu anayeishi kwa posho. Na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu asiyeweza kununua chupa anaambiwa na jirani: "Shaba si ni ile ile? Nunua mrututu, usage, upake."

Kwa asiye na muda wa kusoma lote, jibu ni hili. Shaba inafanya kazi kweli katika ngozi. Krimu ya peptidi inaweza kusaidia kidogo ngozi nzima isiyo na kidonda. Mrututu ni sumu. Usiutie kwenye kidonda, usiupake mtoto, usiumeze.

SHABA INAFANYA NINI KATIKA NGOZI?

Chini ya ngozi ya juu tunayoiona kuna tabaka nene linaloshikilia kila kitu. Tabaka hilo limejengwa kwa nyuzi. Nyuzi za kolajeni hutoa nguvu, na nyuzi za elastini huifanya ngozi ivutike na kurudi mahali pake. Bana ngozi ya mgongo wa mkono wa mtoto, halafu uiachie: inarudi mara moja. Bana ya bibi yake: inarudi polepole. Tofauti iko kwenye nyuzi hizo.

Wavuvi wetu wataelewa haraka. Wavu ni nyuzi, lakini nyuzi peke yake si wavu. Ni mafundo yanayozishika pamoja. Nyuzi zisizofungwa hazishiki hata ndagala mmoja. Katika mwili kuna kimeng'enya kinachofunga mafundo hayo kati ya uzi na uzi, na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila shaba ndani yake. Shaba ikikosekana kabisa, nyuzi zinatengenezwa lakini hazifungwi. Kuna ugonjwa wa kurithi, ulioelezwa na madaktari mwaka 1962, unaitwa ugonjwa wa Menkes. Mtoto anazaliwa na mwili usioweza kuchukua shaba vizuri kutoka kwenye chakula. Nywele zake zinajikunja na kukatika, ngozi inalegea, mishipa ya damu inakuwa dhaifu, na ubongo unaharibika. Ni ugonjwa wa nadra sana. Nautaja ili tuone kwamba shaba si hadithi ya wauzaji.

Hata hivyo mahitaji yenyewe ni madogo mno. Mtu mzima anahitaji chini kidogo ya miligramu 1 kwa siku. Maharage, karanga, ufuta, uyoga, maini na samaki wadogo vina shaba. Anayekula maharage mara kwa mara, kama wengi wetu tunavyolazimika kula, kwa kawaida hapungukiwi na shaba.

PEPTIDI YA SHABA NI NINI HASA?

Peptidi ni kipande kidogo cha protini. Mwaka 1973 mtafiti wa Marekani aitwaye Loren Pickart aliandika habari za kipande kidogo sana alichokipata katika damu ya binadamu, chenye viungo vitatu tu: glisini, histidini na laisini. Kipande hiki hupenda kushikana na shaba, na kikishikana nayo kinapata rangi ya buluu. Kwa mujibu wa maandishi yake, kiasi chake katika damu hupungua hadi chini ya nusu kati ya umri wa miaka 20 na 60. Katika maabara, chembe za ngozi zilizopewa kipande hicho zilitengeneza kolajeni zaidi. Wanyama wenye vidonda walionekana kupona haraka zaidi.

Kutoka hapo wenye viwanda waliona biashara, na krimu zikaanza kutengenezwa. Kwa ngozi ya uso iliyozeeka, yapo majaribio madogo yaliyoonyesha makunyanzi kupungua kidogo na ngozi kukaza kidogo baada ya wiki nyingi za kupaka. Nasema madogo kwa sababu waliopimwa walikuwa wachache, na mara nyingi aliyelipia jaribio ni yule yule anayeuza krimu. Kwa vidonda, mwaka 1994 lilitolewa jaribio la watu wenye kisukari na vidonda vya miguu, na matokeo yake yalitia moyo. Lakini miaka zaidi ya 30 imepita, na peptidi ya shaba haimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa inayoponya vidonda kwa hakika isingekosa kuingia humo muda wote huo. Hayo ni maoni yangu, lakini naona yana uzito.

Hivyo basi, kama shangazi yako wa ng'ambo amekutumia chupa halisi, unaweza kuitumia kwenye ngozi nzima. Jaribu kwanza sehemu ndogo ndani ya mkono na usubiri siku 2 au 3. Ikiwasha, iache. Usiipake kwenye kidonda kilicho wazi, maana krimu ya urembo haitengenezwi kwa usafi wa dawa ya vidonda. Na wapo siku hizi wanaojidunga peptidi hizi kwa sindano ili wawe vijana. Sindano isiyotoka mikononi mwa muuguzi usiikubali. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B havijali kwamba ulikuwa unatafuta urembo.

Rangi ya buluu nayo si ushahidi. Hata rangi ya kupaka nguo ni ya buluu.

MRUTUTU SI DAWA YA KIDONDA

Mrututu ni shaba iliyochanganyika na asidi ya salfa ikawa fuwele za buluu. Wakulima wanaujua. Huchanganywa na chokaa kuua ukungu wa mimea, jambo lililoanza katika mashamba ya mizabibu ya Ufaransa katika miaka ya 1880. Wafugaji huutumia kwenye maji ya kuosha kwato. Kazi yake hiyo ni kuua. Ukungu unakufa, na chembe hai za mwili wako nazo zinakufa vilevile.

Tofauti na peptidi iko hapa. Katika peptidi, shaba kidogo sana imeshikwa na kipande cha protini, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Katika mrututu shaba ni nyingi na haikufungwa. Ikigusa nyama mbichi inaichoma. Kidonda kinakauka juu na kupata gamba gumu, mtu anafurahi kwamba dawa inafanya kazi, kumbe chini ya gamba nyama mpya imekufa na usaha unajikusanya. Mjitoleaji yeyote wa afya anayefunga vidonda amekutana na gamba la namna hiyo.

Tena shaba hiyo haibaki kwenye kidonda. Inaingia katika damu. Mwaka 1966 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtoto aliyewekewa fuwele za mrututu kwenye ngozi iliyoungua, akapata sumu ya shaba mwilini. Shaba ikizidi katika damu inapasua chembe nyekundu, na inaharibu ini na figo. Anayeumeza hutapika, mara nyingi matapishi yenye rangi ya buluu au kijani, tumbo linamkata, anaharisha, na baadaye mkojo unaweza kuwa mweusi au kukatika kabisa. Kijiko kimoja cha chai kinaweza kuua mtoto. Kuna wanaoupa watu kama dawa ya kutapisha uchawi au sumu. Hao wanatia sumu ya kweli kutibu sumu ya kudhaniwa.

Mtu akimeza mrututu: msuuze kinywa, usimtapishe, usimpe pombe wala dawa ya kienyeji, mkimbize kituo cha afya usiku au mchana, na uchukue karatasi au mfuko uliokuwa na unga huo ili muuguzi auone. Kama umeingia jichoni, osha kwa maji safi mengi bila kuacha, kisha uende kituoni. Anayeutumia shambani autunze juu, mbali na watoto, na kamwe si katika chupa ya soda. Mtoto huvutwa na ile rangi nzuri.

Kuhusu bangili za shaba za kutibu viungo: zimepimwa, na hazikuonyesha faida kuliko bangili za kawaida. Hazidhuru. Mwenye nayo aivae.

KIDONDA KINAPONA NAMNA GANI?

Mwili unajua kazi yake. Kwanza damu inaganda. Kisha askari wa mwili wanakuja kusafisha, ndiyo maana siku za kwanza pembeni panavimba na kuwa na joto kidogo. Halafu nyuzi mpya zinafumwa na ngozi inatambaa kutoka kando kuja katikati. Mwisho, kwa miezi mingi, kovu linakazwa. Kazi yetu ni kutouzuia mwili.

Osha mikono kwa sabuni. Bana kidonda kwa kitambaa safi hadi damu ikome. Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka, yale ya kunywa ya bomba letu au yaliyochemshwa na kupoa, na uondoe mchanga wote. Usitumie maji ya ziwa. Watu wa huku wanasema maji ya Tanganyika ni matamu na yanaponya, lakini ukanda huu wa Rumonge umeuguzwa na kipindupindu mara nyingi, na kichocho kipo. Halafu funika kwa kitambaa safi kilichofuliwa na kukaushwa juani, ubadilishe kila siku au kikilowa.

Wengi husema kidonda kiachwe wazi kipate hewa kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu lilijifunga haraka kuliko lililoachwa likauke. Ngozi mpya inatambaa kwa urahisi penye unyevu; penye gamba kavu lazima ipite chini yake. Kwa mkwaruzo mdogo, mafuta ya mgando safi, yaani vazelini, yakipakwa kidogo chini ya kitambaa yanatosha. Kopo dogo lake ni nafuu sana kuliko chupa ya buluu, na kwa kidonda kidogo ndilo ningelichagua.

Usitie majivu, kinyesi cha ng'ombe, petroli, dawa ya meno, wala unga wa vidonge vya rangi mbili vilivyofunguliwa. Aliyeungua na taa ya uvuvi au sufuria apoze mahali hapo kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha afunike. Aliyechomwa na ndoana yenye kutu, msumari au mfupa wa samaki aulizie chanjo ya pepopunda siku hiyo hiyo.

Nenda kituoni bila kungoja kama wekundu unasambaa, usaha unanuka, una homa, au kidonda ni kirefu na kimefunguka. Nenda pia kama kidonda hakijapona baada ya wiki 2, hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi. Kidonda kisichouma mguuni kinaweza kuwa cha kisukari, na doa jeupe au jekundu lisilohisi kuguswa linaweza kuwa ukoma. Ukoma unatibika, na mapema hauachi kilema.

SHABA ILIYOMO KAMBINI TAYARI

Hapa naomba akina mama wasome polepole. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, ule tunaouita bwaki, ngozi yake inabadilika rangi, inabanduka kama iliyoungua, na vidonda vinatokea. Mwili wake hauna cha kujengea. Zile pakiti za Plumpy'Nut anazopewa kliniki zina protini, mafuta, vitamini, zinki, na shaba pia. Kwa mujibu wa maelekezo yaliyotolewa mwaka 2007 na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF na wenzao, chakula cha aina hiyo kiwe na miligramu 1.4 hadi 1.8 za shaba katika kila gramu 100. Maziwa ya F-100 ya hospitali nayo huongezwa madini yenye shaba. Imepimwa ili isipungue wala isizidi, nayo inatolewa bure.

Tunajua pakiti hizo zinaonekana sokoni. Simlaumu mama, maana kuna sabuni, kuni na kodi ya deni, na posho haifiki. Lakini pakiti moja ina gramu 92 na kalori 500. Ikiuzwa, ni siku ya mtoto kupona iliyouzwa. Nimesikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Nikipata fedha ya pakiti nne nitachanganya ninunue mafuta ya uso." Mwenzake alimjibu, "Dada, uso wako utangoja. Wa mtoto haungoji." Mimi sikuwa na la kuongeza.

Vidonge vya zinki vya kuharisha mpe mtoto siku zote alizoandikiwa, 10 hadi 14, na usiendelee baada ya hapo bila kuuliza. Zinki ikizidi kwa muda mrefu inazuia mwili kuchukua shaba.

Kwa mtu mzima mwenye kidonda, chakula cha kujenga ni maharage, ndagala, karanga, yai likipatikana. Mapera, maembe na machungwa yana vitamini C, ambayo bila hiyo kolajeni haitengenezwi sawasawa. Mboga usizichemshe hadi zife. Mawese mekundu ya Rumonge yana vitamini A kwa wingi. Ni ya kula, si ya kumimina kwenye jeraha.

NA MAKUNYANZI JE?

Kinachozeesha uso zaidi ya miaka ni jua, kisha tumbaku. Waangalie akina mama wanaoanika ndagala mchangani kuanzia asubuhi: jua linawapiga kutoka juu na mng'ao wa maji na mchanga unawapiga kutoka chini. Kofia pana au kitambaa kinachoshuka hadi usoni, na kupumzika kivulini saa za mchana, vinafanya kazi kubwa kuliko krimu nyingi. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hilo si suala la urembo. Kwao jua huleta saratani ya ngozi, na kidonda kisichopona usoni au mkononi kionwe na daktari mara moja.

Jihadharini na makopo yanayodai kuondoa uzee na kung'arisha pamoja. Mengi ni ya kujichubua. Soma maandishi, au mletee mjitoleaji akusomee: merkuri, haidrokwinoni na klobetasoli ni majina ya kukimbia. Merkuri inaharibu figo, na nchi nyingi zilikubaliana kuizuia katika vipodozi kwa mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Klobetasoli ni dawa halali ya baadhi ya magonjwa ya ngozi kwa muda mfupi chini ya daktari, lakini ikipakwa miezi na miezi inaifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, na jeraha linachelewa kupona. Mama mjamzito aliyekuwa akipaka amwambie mkunga mapema. Hatagombezwa, bali atasaidika, hasa ikitokea akahitaji kupasuliwa.

Swali la mwisho lilitoka kwa bibi mmoja ambaye ngozi ya mikono yake huchanika kila anapogonga mlango au ndoo: "Mwanangu, hii nayo ni kukosa shaba?" Hapana, bibi. Ni wembamba wa uzee na wa jua. Ngozi ikichanika ikabaki imening'inia, usiikate. Osha kwa maji safi, irudishe taratibu mahali pake kwa kidole kilicholowa, paka vazelini kidogo juu, funika kwa kitambaa kisichonata na ufunge bila kukaza. Kiache hicho kitambaa siku 2 au 3 isipokuwa kimelowa au pananuka, na unapokitoa, kitoe kwa kufuata upande ngozi ilikolala. Ukishindwa, tuma mjukuu aniite au amwite mjitoleaji wa mtaa wenu. Vitambaa vya kufungia tunavyo.